Programu huria: sampuli safi, gunia lina mengine

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa nafaka mwenye uzoefu haamini sampuli ya kiganjani. Hudunga gunia kwa bambo, aone kilichomo katikati, ndipo atoe fedha. Katika biashara ya programu za kompyuta bambo hilo halitumiki sana, na mwanzoni mwa mwaka 2024 nusura kasoro hiyo iyagharimu makampuni ya dunia nzima.

Programu huria ni zile ambazo chanzo chake, yaani maandishi ya mtunzi, huwekwa wazi ili yeyote asome, anakili na kurekebisha bila ada. Mfumo wa Linux, unaoendesha seva nyingi za mabenki na maduka ya intaneti, ni wa aina hiyo. Wateja wengi huelezwa kuwa kilicho wazi hakiwezi kuficha kitu.

Wasichoelezwa ni kwamba wao hawapokei chanzo hicho. Mtunzi hukifunga katika furushi la toleo. Wasambazaji kama Debian na Fedora, ambao ndio wauzaji wa jumla wa soko hili ingawa hawatozi bei, hulifungua furushi, huijenga programu na kuipeleka kwa watumiaji ikiwa na saini yao. Kwa desturi ya miaka mingi, ndani ya furushi hutiwa pia maelekezo ya ujenzi yaliyozalishwa na mashine, ambayo hayamo katika ghala la chanzo. Nia ilikuwa njema: kumpunguzia mjenzi kazi. Lakini kwa desturi hiyo, gunia likizidi sampuli hakuna anayeshtuka.

Hapo ndipo mkono ulipopenyezwa katika XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili. Mtunzi wake, Lasse Collin wa Finland, aliihudumia kwa kujitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kumsaidia mwaka 2021, akaaminiwa, na kufikia 2023 alikuwa akitoa matoleo mwenyewe. Toleo 5.6.0 la Februari 2024 na 5.6.1 la Machi yalikuwa na mlango wa siri. Sumu yenyewe ilifichwa ghalani, ndani ya mafaili ya majaribio, lakini amri ya kuifungua ilikuwa kwenye furushi peke yake. Isitoshe, iliamka tu ilipotambua kuwa inajengewa vifurushi vya aina wanayotumia Debian au Fedora. Aliyejenga kwa kuchukua chanzo ghalani hakuupata mlango huo. Mwenye ufunguo wake angeweza kuamuru seva ya mtu mwingine akiwa mbali, bila neno la siri.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft. Aliona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachukua takriban sekunde 0.8 badala ya 0.3. (Mwandishi wa ukurasa huu angelaumu umeme.) Akachimba, na Machi 29, 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akatangaza. Hitilafu hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Mzigo ulikuwa umeshafika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ila haujaingia katika Debian ile imara ambayo wenye biashara huitegemea. Kampuni ya Canonical ilijenga upya vifurushi vyake na kuahirisha kwa wiki moja toleo la majaribio la Ubuntu 24.04.

Dawa inayotajwa sana ni ujenzi unaorudiwa, ambao Debian wanaushughulikia tangu 2013: watu wawili wajenge kila mmoja kwake, na matokeo yalingane hadi biti ya mwisho. Ni kazi nzuri, lakini peke yake isingeikamata XZ. Wote wawili wangeanza na furushi lilelile lenye sumu, wakapata matokeo sawa na kupeana mikono. Linalotangulia ni kulinganisha furushi na ghala, au kuachana na furushi la mkono na kujenga moja kwa moja kutoka ghalani. Hilo linadai saa za kazi na zana zaidi, na watunzi wengi hawalipwi hata senti.

Anayelipia mfumo wa mahesabu au duka la intaneti amuulize fundi wake kabla ya kutia saini: vifurushi hivi vimejengwa kutoka wapi, na ni nani aliyevilinganisha na chanzo? Fundi akijibu kuwa chanzo kiko wazi, bado hajajibu.

Collin aliusafisha mradi wake, na Mei 29, 2024 akatoa toleo 5.6.2 lisilo na mlango huo.