Uko Tudor na Buti la Gari Lina Cheni za Theluji? Soma Hii Kabla Hujaziuza kwa Vyuma Chakavu

Wasee, hii stori inaanza na makelele. Wiki mbili baada ya kuitoa Vitz yangu bandarini, kila nikipita tuta hapa Tudor nasikia buti linalia kachang, kachang. Nikadhani ni springi. Nikadhani ni ekzosi. Nikaanza hata kuhesabu doo za fundi kichwani, na si unajua ukishanunua gari hata pesa ya kachri inakuwa shida.

Siku moja nikapaki maskani, nikainua kapeti la buti na chini ya spea nikapata kimkoba cha plastiki chenye maandishi ya Kijapani. Ndani kulikuwa na minyororo ya chuma, imesukwa kama wavu wa samaki, jozi moja safi kabisa. Mbogi yote ikakusanyika. Mmoja akasema ni ya kufungia bodaboda zisiibwe. Mwingine akasema ni ya kuvutia gari likizima. Ami yangu, ambaye ameshika spana tangu mimi sijazaliwa, akaiangalia mara moja tu.

"Hizi cheni za theluji, mwanangu. Gari lako limetoka kwa watu wa baridi."

Halafu akainama, akaiminya tairi ya mbele kwa kidole gumba, akaguna. Hiyo guna niliipuuza, na ilikaribia kunigharimu. Nitairudia.

Sasa najua unauliza: Tudor na theluji wapi na wapi? Kwa joto hili la Februari ambalo hata kuku wanatembea na kivuli? Sawa. Lakini karibu kila nyumba hapa ina mtu majuu, na huyo mtu siku moja ataendesha gari dogo kwa barabara nyeupe. Pili, magari yetu mengi ni ya Japani, na Japani si nchi ya joto pekee. Kule Hokkaido theluji ya mwezi wa kwanza inafunika uzio wa nyumba. Gari likitoka huko linakuja na mambo yake. Ukikalia Mark X na ukaona kidude kimeandikwa SNOW karibu na gia, hicho si pambo. Ukikibonyeza, gari linaondoka taratibu bila nguvu nyingi kwenye magurudumu, ili tairi zisizunguke bure kwenye theluji. Hapa Mombasa hakina kazi, kiache tu.

Turudi kwa cheni. Huu ujanja si wa jana. Harry Weed, Mmarekani wa jimbo la New York, alipewa hataza yake mwaka 1904, enzi ambayo madereva walikuwa wanazungushia tairi kamba ili zisiteleze kwenye matope na theluji. Yeye akaona kamba inakatika haraka, akaweka chuma.

Inafanya kazi vipi? Theluji ikikanyagwa na magari inabanwa, inakuwa ngumu na laini juu kama vigae vya bafuni vilivyomwagwa sabuni. Raba ya tairi haina pa kushika. Ukivalisha tairi cheni, uzito wa gari unakalia vile vipande vichache vya chuma badala ya kusambaa kwenye raba yote. Chuma kinazama kwenye theluji, kinauma, gari linasonga. Ni kama tofauti ya kukanyagwa na mtu aliyevaa ndala na yule wa viatu vya kisigino kirefu. Mwili ni ule ule, maumivu si yale yale.

Hapa ndipo wasee wetu wanajikoroga. Binamu yangu yuko Colorado, na majira yake ya kwanza ya baridi alikuwa na Yaris, ambayo ni ndugu ya Vitz. Alilelewa na pikapu za Mombasa, zile za kusukumwa na tairi za nyuma. Kwa hiyo akafunga cheni nyuma, akapiga picha, akatutumia kwa grupu ya familia, tukampa makofi. Dakika kumi baadaye usukani anakata kushoto na gari linaenda mbele moja kwa moja hadi kwenye lundo la theluji. Alitoka mzima, aibu ndiyo ilibaki.

Kosa lake ni hili: gari dogo kama Vitz, Passo, Demio au Fit kwa kawaida linavutwa na tairi za mbele. Tairi hizo hizo ndizo zinakata kona, na hizo hizo ndizo zinabeba kazi kubwa ya breki. Kwa hiyo cheni zinakaa mbele. Ukiweka nyuma, tairi za kuvuta zinazunguka bure na usukani unakuwa wa mapambo. Kwa gari la kusukumwa na nyuma, kinyume chake. Na kama gari lako linazungusha yote manne, fungua kitabu chake usome, usikisie, kwa sababu kila kampuni ina maagizo yake.

Ila hata zikiwa mbele, kumbuka mkia hauna kitu. Ukishuka mteremko ukakanyaga breki kwa hasira, sehemu ya nyuma inaweza kuja mbele kukusalimia. Mwendo ni wa pole. Cheni za chuma kwa kawaida ni kati ya kilomita 30 na 50 kwa saa, kulingana na mtengenezaji. Ujerumani sheria yenyewe imeweka mwisho wa 50. Yaani unapitwa na mtu wa baiskeli na unanyamaza.

Kuzifunga sasa. Kwanza kabisa, fanya mazoezi nyumbani mchana, gari limesimama mahali tambarare. Usingoje usiku mlimani, vidole vimeganda, malori yanakupita karibu, na maagizo yote ni picha za Kijapani. Vuta hendibreki. Nyoosha cheni chini uhakikishe haijajisokota na ncha kali za kulabu hazitatazama raba. Zungushia tairi. Ile ndoano ya ndani, upande usiouona, ndiyo unafunga kwanza, kwa kupapasa kama unatafuta switchi gizani. Halafu ya nje. Halafu mpira wa kukaza juu ya yote. Ingia, sogea kama mita hamsini au mia, simama, shuka, kaza tena, maana lazima ilegee kidogo baada ya kujipanga. Watu wengi wanaruka hiyo hatua ya mwisho. Cheni iliyolegea inapiga madigadi kama mtu anavunja mlango, na ikikuharibia paipu ya breki ukiwa mteremkoni, hiyo ni ngori ya kiwango kingine.

Saizi pia. Cheni zinauzwa kwa namba ya tairi, ile iliyoandikwa ubavuni. Vitz yangu ni 165/70R14. Cheni ya 15 haitakaa, usijidanganye utaipunguza na waya. Na kwenye gari dogo nafasi kati ya tairi na madigadi ni ndogo, kwa hiyo tafuta zile nyembamba. Kuna hata za raba na plastiki, na kuna zinazofanana na soksi ya kitambaa. Hizo ni rahisi kuvaa na hazina makelele, lakini kitambaa kinaisha haraka kikikutana na lami tupu.

Na hiyo lami tupu ndiyo adui wa cheni zote. Theluji ikiisha, unatoa. Hakuna kusema nitatoa nikifika. Juu ya lami chuma kinakatika, barabara inachimbika, na gari linateleza zaidi kuliko likiwa na raba yake, kwa sababu sasa ni chuma juu ya jiwe.

Kwani lazima? Mjini mara nyingi hapana. Majuu barabara za mjini zinakwanguliwa theluji na kumwagwa chumvi, na wengi wanaishi na tairi za baridi tu. Cheni ni za milimani. Kule Colorado hali ikichafuka mamlaka zinatangaza sheria ya cheni, na gari dogo la kuvutwa na tairi mbili halipiti bila cheni au kifaa kingine kinachokubalika. Japani, tangu Desemba 2018, kuna vipande 13 vya barabara ambavyo theluji ikizidi lazima uwe na cheni hata kama una tairi za baridi. Ujerumani ukiona alama ya duara ya bluu yenye picha ya tairi lenye minyororo, hapo hakuna mjadala. Kwa hiyo kama una ndugu anasafiri mwezi wa kumi na mbili, mtumie hii.

Swali lingine nililopata maskani: si tuzitumie kwenye matope? Kwa kweli cheni za matope zipo, na malori ya zamani huku kwetu yalivaa minyororo msimu wa mvua. Kwenye udongo mweusi wa kunata, barabara ya ndani kabisa, zinaweza kukutoa. Lakini kwa Vitz kwenda Mwembe Tayari wakati wa mvua? Hapana, buda. Hayo ni mafuriko juu ya lami, na mafuriko hayaumwi na chuma. Maji yakifika mlangoni gari dogo linaanza kuelea, cheni au si cheni. Hapo unageuza.

Sasa ile guna ya Ami.

Alipoiminya tairi yangu alikuwa ameona neno nililoliona kila siku nikadhani ni jina la kampuni: STUDLESS. Hizo ni tairi za baridi. Hadithi yake iko hivi. Zamani Wajapani wa maeneo ya theluji walitumia tairi zenye misumari midogo ya chuma. Misumari ikawa inasaga lami hadi vumbi likajaa hewani, watu wakakohoa, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzidhibiti. Kwa hiyo wakahamia kwenye tairi zisizo na misumari, ambazo raba yake ni laini mno na ina mikato midogo mingi sana kama imechanjwa na wembe. Baridi inapogandisha raba ya kawaida, hii inabaki laini na kushika barafu. Maajabu kabisa, kule.

Huku kwetu hewa ina nyuzi 32 na lami ya saa nane mchana unaweza kuichomea yai. Ile raba laini inazidi kulegea, yale meno marefu yenye mikato yanacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Inaisha haraka, usukani unakuwa mzito wa kuelewa, na breki inachukua safari ndefu zaidi, hasa lami ikiwa imelowa.

Ami aliniambia nibadilishe. Nikamwangalia tu. Meno yalikuwa marefu, tairi inaonekana mpya, doo zimeisha, mimi ni nani nitupe tairi nzima?

Mwezi wa nne, mvua ya jioni, nashuka Daraja la Nyali kuingia kisiwani. Mwendo wa kawaida, wallahi. Tuktuk mbele ikasimama ghafla. Nikakanyaga breki, na gari likaendelea kama halijasikia. Niliona taa nyekundu zinakua. Niliona mama amekaa nyuma na mtoto amegeuka ananitazama kupitia lile plastiki la dirisha. Vitz ikasimama karibu kiasi kwamba sikuiona tena bampa ya tuktuk. Hatukugusana. Dereva alishuka, akaangalia ile nafasi, akaangalia uso wangu, akarudi akaondoka bila kunitukana. Hilo la kutotukanwa ndilo lilinitisha zaidi.

Kesho yake tairi zote nne zikatoka.

Kwa hiyo leo ukifika kejani, chukua tochi ya simu uangalie ubavu wa tairi zako. Ukiona STUDLESS, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, hiyo ni tairi ya baridi. M+S peke yake haitoshi kukuambia, maana hata tairi nyingi za misimu yote na za magari makubwa zinayo. Tafuta pia tarakimu nne baada ya herufi za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ukienda kununua tairi za mtumba zilizotolewa kwenye magari ya Japani, kuwa rada na zile zenye meno marefu kupita zote. Muuzaji atakuambia, "Cheki meno, bado mbichi!" Hadanganyi, ni mbichi kweli. Meno yamekatwa marefu kwa sababu yalitengenezwa kuchimba theluji.

Ukinunua gari yadi, ulizia tairi kabla ya bei, si baada. Wakikuambia wabadilishe waingize kwenye hesabu, bora hivyo.

Cheni zenyewe nilikataa kuziuza kwa kilo. Binamu wa Colorado alizitaka, tukaangalia namba, hazimwingii, siku hizi ana gari kubwa. Mwishowe Ami akazichukua. Moja inafunga geti la gereji yake, ya pili inashikilia jenereta lisitembee usiku. Anasema tangu azaliwe hajawahi kuona kufuli lililotoka Hokkaido.