Uigaji wa viwanja vya gofu vya msituni katika michezo ya kompyuta

Uigaji wa viwanja vya gofu vya msituni katika michezo ya kompyuta ni kazi ya kupima uwanja halisi wa gofu uliozungukwa na miti na kuujenga upya ndani ya programu, ili mtu aweze kuucheza kwenye skrini akiwa mbali na uwanja wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na makampuni ya michezo ya kompyuta, na pia na wapenzi wa gofu wanaojitolea wakiwa nyumbani kwao. Huhitaji maarifa ya jiografia, hisabati, fizikia ya mwanga na sheria ya miliki bunifu.

Mfano mmojawapo unaojulikana sana ni uwanja wa Augusta National, ulioko katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani. Katika uwanja wa namna hii ugumu mkubwa hautokani na nyasi wala mchanga, bali na miti. Miti huificha ardhi isionekane kutoka angani, huilemea kompyuta inayoichora, na kwenye uwanja halisi hukua na kuanguka wakati nakala yake inabaki ilivyo.

Tabia ya uwanja wa msituni

Gofu huchezwa kwa kupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi utumbukie kwenye tundu, kwa mikwaju michache iwezekanavyo. Uwanja kamili una sehemu 18 zinazoitwa mashimo. Kila shimo lina mahali pa kuanzia, njia ya nyasi fupi, na grini, yaani eneo la nyasi zilizokatwa fupi sana ambamo tundu limechimbwa. Pembeni huwa na nyasi ndefu, mitego ya mchanga, maji au miti.

Kwenye viwanja vya kale vya pwani ya Uskoti, kama ule wa St Andrews, miti ni michache na upepo wa bahari ndio mpinzani mkuu wa mchezaji. Kwenye uwanja wa msituni miti husimama kama kuta pande mbili za njia. Tawi moja lililochomoza linaweza kumlazimisha mchezaji aupinde mpira hewani, au apige kwanza mkwaju mfupi wa tahadhari. Kwa hiyo mti mmoja uliowekwa mita tatu nje ya mahali pake unaweza kubadilisha shimo zima: mkwaju usiowezekana uwanjani huwa rahisi kwenye skrini, au kinyume chake.

Uwanja wa Augusta National

Tangu miaka ya 1850 eneo la Augusta National lilikuwa kitalu cha miti na maua kilichoitwa Fruitland Nurseries, mali ya familia ya Berckmans yenye asili ya Ubelgiji. Uwanja wa gofu ulibuniwa na mchezaji Bobby Jones pamoja na msanifu Alister MacKenzie, ukafunguliwa rasmi Januari 1933. Mashindano yake, ambayo leo huitwa Masters, yalianza mwaka 1934. Kila shimo limepewa jina la mmea. Kwa mfano, la 13 linaitwa Azalea. Misonobari mirefu ndiyo miti inayotawala pande za njia.

Kampuni ya Kijapani ya T&E Soft ilitoa mchezo wa kompyuta wa Harukanaru Augusta mwaka 1989. Mwaka 2011 kampuni ya EA Sports ilitoa Tiger Woods PGA Tour 12: The Masters, ambao kwa ajili yake uwanja ulipimwa kwa leza. Uwanja huo ulirudi tena katika mchezo wa EA Sports PGA Tour wa mwaka 2023.

Upimaji wa leza ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu Augusta ina vilima ambavyo televisheni haivionyeshi vizuri. Lenzi inayovuta picha kutoka mbali hufanya miteremko ionekane kama tambarare. Shimo la 10, kwa mfano, hushuka takriban mita 30 kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye grini, kimo kinachokaribia jengo la ghorofa kumi. Mtu anayechora kwa kutazama televisheni tu angeukosa mteremko huo.

Kupima ardhi iliyofunikwa na miti

Chombo kikuu cha upimaji ni lida. Hiki ni kifaa kinachorusha mapigo mafupi ya mwanga wa leza na kupima muda unaopita hadi mwanga urudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Umbali hupatikana kwa kuzidisha kasi hiyo kwa muda uliopita, kisha kugawanya kwa mbili, kwa kuwa mwanga umekwenda na kurudi. Pigo likirudi kwenye ndege baada ya sekunde 0.000004, mwanga umesafiri mita 1,200, hivyo kitu kilichopigwa kiko umbali wa mita 600.

Faida ya lida msituni ni kwamba pigo moja linaweza kurudi kwa awamu. Sehemu ya mwanga hugonga majani ya juu na kurudi kwanza. Sehemu nyingine hupenya kati ya matawi, hufika chini na kurudi mwisho. Marejeo ya mwisho hutumika kuchora ardhi kana kwamba miti imeondolewa. Tofauti kati ya rejeo la kwanza na la mwisho huonyesha kimo cha mti. Kwa njia hiyo kipimo kimoja hutoa ramani mbili, yaani ya ardhi na ya msitu.

Hata hivyo, penye majani mazito ni mapigo machache tu yanayofika chini. Programu hujaza mapengo kwa kukadiria, na wakati mwingine huhesabu kichaka kifupi kuwa ni ardhi. Matokeo yake ni vinundu bandia kwenye nakala. Mtengenezaji hulazimika kuvikagua na kuvisawazisha kimoja kimoja.

Data nyingi za aina hii hutolewa bure. Nchini Marekani Shirika la Jiolojia la taifa husimamia mpango wa kupima nchi kwa lida. Kiwango chake cha kawaida hudai angalau mapigo 2 kwa kila mita ya mraba, na kosa la kimo lisilozidi takriban sentimita 10. Nchini Uingereza Wakala wa Mazingira ulianza kutoa data zake za lida bila malipo mwaka 2015. Hatua hizo ziliwawezesha watu wa kawaida kufanya kazi iliyokuwa ya makampuni makubwa.

Kosa la sentimita 10 halionekani kwenye njia yenye urefu wa mita 400. Kwenye grini mambo ni tofauti. Mteremko wa asilimia 2 katika umbali wa mita 5 hutoa tofauti ya kimo ya sentimita 10 tu, kwa hiyo kosa lenyewe linaweza kulingana na mteremko mzima na kuupeleka mpira upande usio wake. Ndiyo sababu makampuni yenye ruhusa ya kuingia uwanjani huweza kupima grini upya kwa leza iliyosimamishwa chini.

Kuchora mipaka na kupanda miti

Baada ya ramani ya vimo kukamilika, mtengenezaji huweka juu yake picha iliyopigwa kutoka angani na kufuatisha mipaka ya kila eneo: njia, grini, mchanga, maji na nyasi ndefu. Viwanja vingi tayari vimechorwa na watu wa kujitolea katika ramani huria ya OpenStreetMap, na michoro hiyo hutumika kama mwanzo. Kila eneo hupewa tabia zake, kwa mfano jinsi mpira unavyodunda na unavyobingirika juu yake.

Hapa pia miti huleta shida, kwa kuwa vivuli vyake hufunika kingo za njia pichani. Picha ya majira ya baridi husaidia kwa miti inayopukutisha majani, lakini haisaidii kwa misonobari, ambayo hubaki na majani mwaka mzima. Picha zilizopigwa chini na watu waliofika uwanjani ndizo huziba pengo hilo.

Miti hupandwa kwa njia mbili. Ile iliyo karibu na mchezo huwekwa mmoja mmoja, kwa aina, kimo na upana wake. Msitu wa mbali hutawanywa na programu yenyewe kulingana na wingi uliopangwa. Umbo la shina ni muhimu kama kimo. Misonobari mingi ya Augusta haina matawi upande wa chini, na ardhi iliyo chini yake imefunikwa na majani makavu yenye umbo la sindano badala ya vichaka. Mchezaji aliyepotea humo bado ana nafasi. Mwaka 2010, katika shimo la 13, Phil Mickelson aliupiga mpira kutoka juu ya majani hayo, ukapita kati ya misonobari miwili, ukavuka kijito na kutua karibu na tundu. Alishinda mashindano hayo. Nakala iliyojaza vichaka mahali pale, au iliyokosea nafasi kati ya mashina, isingeruhusu mkwaju kama huo.

Mzigo kwa kompyuta

Kompyuta huchora vitu kwa kuunganisha pembetatu ndogondogo. Tuchukue mfano wa mti wenye pembetatu 20,000. Miti 5,000 ya namna hiyo ni pembetatu 100,000,000. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde una sekunde 0.0167 tu za kukamilisha kila picha, muda ambao ni mdogo kwa mzigo huo.

Suluhisho ni kuwa na matoleo kadhaa ya mti mmoja. Mti ulio karibu huchorwa kwa ukamilifu, wa katikati kwa pembetatu chache, na wa mbali kwa picha bapa mbili zilizopishana kama msalaba.

Mgongano wa mpira na mti hurahisishwa pia. Shina huchukuliwa kuwa mcheduara mgumu, na majani huchukuliwa kuwa wingu linalopunguza mwendo wa mpira. Upepo ni mgumu zaidi. Shimo la 12 la Augusta, lenye urefu wa yadi 155 (karibu mita 142), linaogopwa kwa sababu upepo huzunguka kati ya miti na kubadilika ghafla. Katika michezo mingi ya kompyuta, upepo hupewa mwelekeo mmoja na kasi moja kwa mkwaju mzima.

Haki za wenye uwanja

Jina na nembo ya uwanja ni alama za biashara, na kampuni huhitaji leseni ili kuzitumia. Umbo la ardhi ni jambo jingine. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Tour 18, iliyokuwa imenakili mashimo ya viwanja maarufu katika ardhi halisi jimboni Texas. Mnara wa taa ulio kwenye shimo la 18 la Harbour Town ulihesabiwa kuwa utambulisho wa uwanja huo usioruhusiwa kuigwa, lakini muundo wa mashimo mengine yaliyobishaniwa haukupewa ulinzi huo. Watengenezaji wengi wa kujitolea huzipa kazi zao majina ya kubuni ili kuepuka mgogoro.

Nakala na uwanja unaobadilika

Uwanja wa msituni haukai bila kubadilika. Katika shimo la 17 la Augusta ulikuwepo msonobari uliojulikana kama mti wa Eisenhower. Rais Dwight Eisenhower, aliyekuwa mwanachama wa klabu, aliugonga kwa mpira mara nyingi, na mwaka 1956 alipendekeza katika mkutano ukatwe, bila kufanikiwa. Mti huo uliharibiwa na dhoruba ya barafu Februari 2014 na kuondolewa. Mwishoni mwa Septemba 2024 kimbunga Helene kiliangusha miti mingine mingi uwanjani. Shimo la 13 nalo lilirefushwa kwa yadi 35 kabla ya mashindano ya mwaka 2023.

Mchezo uliotolewa mwaka 2011 ulitengenezwa mti wa Eisenhower ukiwa ungali umesimama, na mahali pa kuanzia shimo la 13 pakiwa pale pa zamani. Kwa anayetaka kucheza uwanja wa leo, hilo ni kasoro. Kwa anayetaka kujua jinsi shimo la 17 lilivyomkabili mchezaji kabla ya dhoruba, ni kumbukumbu ambayo uwanja wenyewe hauwezi tena kuitoa. Kwa sababu hiyo ni muhimu nakala itaje mwaka wa vipimo vyake, kama ramani nyingine yoyote.