Kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda: Filamu zinaonyesha jeraha la nani?

Ggaba, kando ya Ziwa Victoria jijini Kampala, inajulikana kwa samaki na mashua kuliko kwa sinema. Hata hivyo, katika kilima jirani cha Buziga yapo makazi ya Mira Nair, mwongozaji wa Mississippi Masala ya mwaka 1991. Filamu hiyo hutajwa mapema kila panapozungumzwa kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda. Idi Amin alitangaza uamuzi huo Agosti 1972 na kuwapa siku 90. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza. Wengine walitawanyika Kanada, India, Marekani na kwingineko.

Filamu za dhuluma ya rangi zina mazoea yao katika kuonyesha maumivu ya nafsi: mhusika hushtuka usingizini, picha za zamani humpitia machoni, hulia, kisha hupona. Wataalamu wa afya ya akili hueleza pia hali zilizo kimya zaidi. Mtu hukwepa mahali au mazungumzo fulani, hukasirika upesi, hujitenga na wanaompenda.

Jay, mwanasheria wa Kampala katika filamu ya Nair, hapigi mayowe. Akiwa uhamishoni Mississippi, anaandika barua na kuidai serikali ya Uganda mali yake mwaka baada ya mwaka, huku mkewe Kinnu akiendesha duka la pombe ili familia ipate riziki. Jeraha lake linajitokeza pale binti yao Mina anapompenda Demetrius, Mmarekani mweusi anayesafisha mazulia. Jay anapinga, akiamini anamkinga mwanawe. Nyuma ya pingamizi hilo yupo Okelo, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyemwambia mwaka 1972 kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Jay aliondoka bila kumuaga.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, filamu hii inapokuwa kweli zaidi. Aliyedhulumiwa kwa rangi yake anamdhulumu mwingine kwa rangi yake, wala maumivu hayamgeuzi kuwa mtakatifu. Kumbuka pia kwamba utawala wa kikoloni uliwapanga Waasia kati ya Mzungu na Mwafrika, na chuki ya 1972 ilikuwa na mizizi humo.

Lakini Okelo je? Ndiye aliyetoa hongo Jay aachiliwe kutoka kizuizini, na ndiye aliyebaki. Usiku wake wa hofu hatuuoni. Tunaambiwa tu, karibu na mwisho, kwamba aliuawa. The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyopigwa Uganda, inautazama utawala wa Amin kwa macho ya daktari wa Scotland ambaye ni mhusika wa kubuni. Forest Whitaker alipata Oscar kwa kuigiza Amin anayecheka na kughadhibika kwa pumzi moja. Uigizaji ni wa hali ya juu, ila mtazamaji anaweza kutoka akidhani ukatili ni aina ya ugonjwa wa akili. Ng'ambo ya ghuba kutoka Ggaba iko Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, ambayo jina lake hutumika mitaani kama tusi. Mgonjwa anayeogopa tusi hilo huchelewa kutafuta tiba, na filamu za namna hii hazimsaidii.

Sisi wafasiri wa habari huandika "kiwewe", neno ambalo asili yake ni bumbuwazi la ghafla. Halitoshi kwa kinachodumu miaka hamsini.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili nchini Uganda suala hili lina upande mwingine. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na amri nyingi kwenye vizuizi vya barabarani zilitolewa kwa lugha hiyo. Wapo wazee ambao kwao sauti yake tu ni ukumbusho. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Mjukuu anaweza kurudi nyumbani akikariri "simama" na "keti chini", asielewe kwa nini babu ameinuka na kutoka nje. Taasisi aliyoianzisha Nair mwaka 2004 kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu ina jina la Kiswahili, Maisha. Hadithi ya babu huyo inawafaa wanafunzi wake, na haihitaji rais wala daktari kutoka Scotland.