UZI: Mdahalo wa runinga bado unaweza kubadilisha kura ya mtu?

1/ Wadau, kila msimu wa kampeni vita ni vile vile. Mgombea anasema hatakuja kwenye mdahalo. Wafuasi wake wanasema "mdahalo si kura." Wapinzani wake wanasema "anaogopa maswali." Nani yuko sawa? Mimi nasomea sayansi ya siasa na swali hili limenisumbua tangu nipige kura yangu ya kwanza. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Twende.

2/ Nianzie nyumbani. Jioni ya 26 Julai 2022, siku 14 kabla ya uchaguzi, tulikuwa sebuleni kwa mjomba wangu Nakuru: mjomba, jirani yake wa mrengo ule mwingine, mamangu na mimi. Kati ya wagombea wakuu wawili wa urais, mmoja alikuwa amekataa kuja. Aliyekuja akajibu maswali ya wanahabari peke yake kwa karibu dakika 90.

3/ Kilipoisha, mjomba akasema, "Mtu wetu amesimama imara." Jirani akacheka: "Amesimama dhidi ya nani? Alikuwa anashindana na meza!" Wametazama kitu kimoja, kwenye kochi moja, wakinywa chai ya birika moja. Lakini kila mmoja alienda kulala akiamini zaidi kile alichokuja nacho.

4/ Hilo halikuwa ukaidi wao tu. Ukishajiona wa kambi fulani, kila hoja hupita kwa askari wa geti kwanza: wewe ni wa kwetu au wa kwao? Jibu zuri la mtu wetu ni ushahidi. Jibu zuri la mtu wao ni maneno matamu. Mtu wetu akikosea, alikuwa amechoka. Mtu wao akikosea, "si tuliwaambia?"

5/ Na kwetu Kenya kambi mara nyingi hazitokani na sera. Zinatokana na eneo, jamii, na nani ameungana na nani safari hii. Mtu ambaye kura yake ni ya "nyumbani" hata ukimwonyesha mgombea wake amechanganya hesabu za deni la taifa, bado hujagusa sababu inayomfanya ampigie.

6/ Utafiti unasemaje? Watafiti wawili, Caroline Le Pennec na Vincent Pons, walichambua chaguzi 62 na midahalo 56 ya runinga katika nchi 10, kuanzia 1952. Waligundua kwamba wapo wapiga kura wengi wanaofanya uamuzi wiki za mwisho. Lakini mdahalo wenyewe haukuonekana kuwasogeza, si upande huu wala ule.

7/ "Lakini ule wa Marekani wa 1960 je?" Najua mtauliza. Hadithi ni kwamba waliosikiliza redio waliona mmoja ameshinda, na waliotazama runinga wakaona ni yule mwingine, kijana aliyependeza kwenye kamera. Ni hadithi tamu na inafundishwa kila mahali. Shida ni kwamba ushahidi wake ni mwembamba sana, na wasomi wengi wameutilia shaka.

8/ Turudi kwetu. Mdahalo wa kwanza wa urais Kenya ulifanyika 11 Februari 2013, wagombea wanane jukwaani. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka watu wazima wamejazana mbele ya TV kama ni fainali ya kombe. Ilikuwa baada ya machungu ya 2007/08, na kuona mahasimu wamesimama pamoja wakisalimiana lilikuwa jambo kubwa. Hilo lilikuwa na thamani yake hata kama hakuna kura iliyohama.

9/ Na angalia hili. Usiku ule mgombea mmoja, mwalimu ambaye wengi hawakumjua, aliwachekesha na kuwafikirisha watu. Nchi nzima ikamzungumzia wiki nzima. Siku ya kura alipata chini ya asilimia 1. Kumbe mtu anaweza kukupenda, akakusifu, akakutetea hata kwenye matatu, halafu kwenye debe akampigia "mtu wetu." Sifa ni kitu kimoja, kura ni kingine.

10/ Kukwepa mdahalo nako? 2017, mgombea mkuu mmoja hakuja. Agosti akatangazwa mshindi, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo, akashinda tena marudio ya Oktoba. 2022, mgombea mkuu mwingine hakuja. Akashindwa. Mara moja aliyekwepa ameshinda, mara moja ameshindwa. Kwa hiyo anayekwambia kwa uhakika kwamba kukwepa mdahalo kunamaliza mgombea, au hakumdhuru hata kidogo, anabahatisha. Na hakuna sheria hapa kwetu inayomlazimisha mtu kuhudhuria.

11/ Kuna jambo jingine la zama hizi. Mdahalo siku hizi una maisha mawili. La kwanza ni dakika 90 za ukumbini. La pili ni klipu za sekunde 30 kwenye simu. Wengi wetu hatutazami la kwanza, bando zenyewe zinauma. Tunapata la pili, limekatwa na mtu wa kambi yetu na kichwa cha habari tayari: "AMEMALIZWA!" Halafu tunasema tumeona mdahalo.

12/ Sasa tuseme midahalo ni kazi bure? Hapana. Na hapa ndipo watu wa "mdahalo si kura" wanapokosea. Jambo la kwanza ni hesabu. 2013 mshindi alipata asilimia 50.07. 2022 mshindi alipata asilimia 50.49, tofauti ya kura kama 233,000 hivi. Uchaguzi ukiwa hivyo, huhitaji kubadilisha mawazo ya mjomba. Unahitaji wachache tu walio katikati.

13/ Halafu kuna wale wasiotoka nyumbani kabisa. 2022 walioandikishwa walikuwa milioni 22.1. Waliopiga kura ni karibu asilimia 65. Yaani zaidi ya watu milioni 7 walikuwa na haki ya kupiga kura siku ile na hawakwenda. Mdahalo unaweza usimhamishe mtu kutoka kambi moja hadi nyingine, lakini ukamfanya asione haja ya kupanga foleni, au akaamka saa kumi usiku. Swali la "nani atampigia nani" huficha swali la "nani atatoka."

14/ Jambo la pili: mdahalo huwagusa wakubwa kabla haujamgusa raia. Marekani, 27 Juni 2024, rais aliyekuwa madarakani alifanya vibaya sana kwenye mdahalo. Wafuasi wake wengi hawakuhamia upande wa pili. Lakini viongozi na wafadhili wa chama chake waliingiwa na hofu, na 21 Julai akajiondoa kwenye kinyang'anyiro. Dakika 90 zilibadilisha karatasi ya kura yenyewe.

15/ Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Nchini Sierra Leone, mwaka wa 2012, watafiti walirekodi midahalo ya wagombea ubunge na kuionyesha hadharani, skrini kubwa, katika baadhi ya maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Mengine hayakuonyeshwa. Kisha wakalinganisha. Kumbuka hiyo ni nchi ambayo vyama vikubwa vina ngome zao za kimaeneo kama tu zetu.

16/ Matokeo: waliotazama walijua zaidi kuhusu wagombea na misimamo yao, na mgombea aliyefanya vizuri kwenye mdahalo aliongeza kura kwa takriban asilimia 5. Na kuna hili tamu zaidi: wabunge walioshinda baada ya kushiriki midahalo ile walifuatilia maeneo yao zaidi, na pesa za maendeleo ya eneo zikaonekana kwa vitendo zaidi. Walikuwa wamesema mbele ya watu, na video ipo.

17/ Kwa nini mdahalo ufanye kazi huko na usifanye kwenye urais? Nionavyo mimi ni hivi: mdahalo una nguvu pale mpiga kura hamjui mgombea. Mgombea urais umemsikia miaka 10, labda 20. Kambi yako ilishamhukumu zamani. Lakini mgombea wa wadi yako je? Hapo askari wa geti hana faili. Hoja inaweza kuingia.

18/ Hapa nina la kukiri. Uchaguzi wetu una karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Wiki zile za 2022 nilitazama kila klipu ya urais, nikabishana mtandaoni hadi saa nane usiku. Nilipofika kwenye karatasi ya MCA nilichagua jina nililoliona kwenye bango karibu na stendi. Hilo tu. Mwanafunzi mtarajiwa wa siasa, eti.

19/ Mamangu? Wiki ile ile alikuwa ameenda ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, ambako waliita wote waliotaka kiti cha MCA. Hakukuwa na kamera. Mama mmoja aliuliza: dawa zahanati zinaisha tarehe 10 kila mwezi, wewe utafanya nini, na pesa zitatoka wapi? Wawili wakaanza kuimba sifa za vigogo wao. Mmoja akaeleza bajeti ya kaunti hupita wapi na MCA anaweza kuisukuma lini. Mama alikuwa ameenda na jina lake kichwani. Alirudi na lingine.

20/ Nilimuuliza, "Mama, kwani huyo si wa mrengo wa kina jirani?" Akanijibu, "Mrengo hautanipa dawa ya presha." Urais alipiga kura na kaka yake kama siku zote. MCA alipiga kwa alichosikia. Mtu yule yule, siku ile ile, kwenye kibanda kile kile.

21/ Kwa hiyo jibu langu: mdahalo wa urais hubadilisha kura chache, ingawa chache zinaweza kutosha. Mdahalo wa mbunge au MCA unaweza kubadilisha nyingi. Sisi tumewasha taa zote mahali ambapo watu wameshaamua, na kuacha giza mahali ambapo bado wanatafuta njia.

22/ Mtaniambia "midahalo huwapa ushindi wenye kusema vizuri." Kweli, hasa ile ya kitaifa ambayo sehemu kubwa huendeshwa kwa Kiingereza. Lakini ule wa ukumbi wa kanisa ulikuwa kwa Kiswahili, na muulizaji alikuwa mtu aliyewahi kurudishwa zahanati bila dawa. Hapo maneno mazuri bila jibu yanasikika haraka.

23/ Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Kuandaa mdahalo wa wadi hakuhitaji kituo cha TV: ukumbi, viti, mtu wa kushika saa asiye wa kambi yoyote, na simu ya kurekodi mwanzo hadi mwisho bila kukata. Asiyekuja, kiti chake kibaki wazi na jina lake juu yake. Mimi nimeanza kuzungumza na vijana wa mtaa wetu. Mjomba kasema atakuja, lakini hatabadilisha mawazo.

24/ Swali la kuondoka nalo: bila kugoogle, unaweza kutaja ahadi moja tu aliyotoa MCA wako kabla ya kuchaguliwa? Mimi siwezi. Na nilimpigia kura.