Kopo la Kupimia Mvua

Jumamosi na Jumapili watoto hawaendi shule. Nguo zinafuliwa, bustani inapaliliwa, na jioni watu huenda kiwanjani kutazama mpira. Simba na Yanga wakicheza, wengi hukaa karibu na redio, na bustani husahauliwa. Lakini mchicha hauna timu. Unataka maji tu.

Mara nyingi anayechota maji hayo ni mama. Baba yuko mpirani, mama yuko njiani na ndoo kichwani. Pengine safari hiyo haikuhitajika, kwa sababu mvua ya usiku ilitosha. Pengine mvua ilikuwa ndogo. Watu waliona majani yamelowa, wakaacha kumwagilia, na miche ikanyauka. Utajuaje kama mvua imetosha? Ipime.

Tafuta kopo tupu lenye pande zilizonyooka. Mdomo na kitako vilingane kwa upana. Kopo la maziwa ya unga linafaa. Ndoo haifai, kwa kuwa mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Weka kopo mahali peupe, mbali na miti na paa la nyumba. Lifunge juu ya kigingi, ili kuku wasiliangushe na matope yasirukie ndani.

Kila siku saa 3 asubuhi, simamisha rula ndani ya kopo. Soma maji yamefika wapi. Vistari vidogo vya rula ni milimita. Angalia vizuri: katika rula nyingi sifuri haiko kwenye ncha kabisa. Kuna nafasi kidogo. Pima nafasi hiyo, uiongeze katika hesabu yako. Andika tarehe na kipimo katika daftari, kisha mwaga maji. Ukingoja mpaka mchana, jua litapunguza maji na kipimo kitakuwa cha uongo.

Sasa tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Tuchukue tuta la mchicha lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 1. Hilo ni mita 5 za mraba. Wakati wa jua kali, tuta hilo huhitaji karibu lita 20 kwa siku, yaani debe 1. Gawa 20 kwa 5. Unapata milimita 4.

Basi kopo likionyesha milimita 12 asubuhi ya Jumamosi, mvua imekuletea madebe 3. Jumamosi na Jumapili hakuna haja ya kwenda kisimani. Likionyesha milimita 2, umepata nusu debe. Nusu iliyobaki ichotwe kabla ya mpira, na si lazima achote mama.

Lakini usidhani kwamba mvua ya milimita 60 itatosha siku 15. Mvua kubwa ikinyesha kwa muda mfupi, maji mengi hukimbilia mtoni. Udongo wa kichanga nao haushiki maji muda mrefu kama udongo wa mfinyanzi. Miche michanga ina mizizi mifupi, na udongo wa juu ndio unaokauka kwanza. Kwa hiyo chomeka kidole ardhini. Kama ni pakavu, mwagilia, hata kama kopo lilijaa juzi. Mwagilia asubuhi au jioni, kisha tandaza nyasi kavu kati ya mistari ili jua lisikaushe udongo upesi.

Daftari lina faida nyingine wakati wa kupanda mahindi. Pwani, mvua za vuli huanza kwa kawaida Oktoba, na masika huanza Machi. Dodoma na Singida wana msimu mmoja tu. Kote huko mvua ya kwanza huweza kudanganya. Hunyesha siku moja, watu wanapanda, kisha jua linawaka wiki mbili na mbegu zinaharibika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa msimu, na inafaa kuusikiliza. Lakini mvua huweza kunyesha kijiji hiki na kuruka kile. Kopo linakuonyesha mvua ya shamba lako mwenyewe.

Lete daftari lako darasani. Linganisheni vipimo vya wiki moja, mwone ni nani aliyepata mvua nyingi zaidi.