Laini Moja au Mbili? Piga Hesabu Kabla ya Kununua Kredo

Kama una shilingi 500 za kredo kwa mwezi mzima, usianze kwa kuuliza mtandao upi una ofa kubwa. Jiulize kwanza: watu unaowapigia wako mtandao gani?

Simu inayovuka mtandao ina ada usiyoiona. Kila dakika, mtandao wako huulipa mtandao wa yule unayempigia. Kenya ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 hadi 2010, ilipokatwa nusu ikawa 2.21. Vita vya bei vikazuka papo hapo, na dakika ikapatikana kwa shilingi 3. Ratiba ya mdhibiti wa mawasiliano ilitaka ada ishuke tena hadi 1.44 Julai 2011. Serikali ikaingilia kati na punguzo likasimamishwa. Lilikuja kutekelezwa Desemba 2012.

Tofauti ni senti 77 kwa dakika, kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Mtandao wenye wateja wengi ndio unaopigiwa zaidi, kwa hiyo uliendelea kupokea. Mitandao midogo, ambayo wateja wake hupiga huko kila siku, iliendelea kulipa na ikakosa nafasi ya kushusha bei. Kanuni ya ushindani ikiwekwa kando ili kampuni zipumue, anayelipia ni mwenye simu. Hilo lilikuwa kosa, na lilituumiza sisi wanunuzi.

Leo hali ni nyingine. Machi 2024 ada ilishushwa hadi senti 41 tu. Kwa hiyo bando la dakika linalokubali mtandao wake pekee halina tena kisingizio cha ada. Kabla ya kulipa, soma kama dakika ni za "mitandao yote". Kama sivyo, na nusu ya watu wako wako kwingine, bando hilo ni ghali hata likiuzwa nusu bei.

Je, uhame na namba yako? Huduma hiyo ipo tangu Aprili 2011, lakini wengi husahau kwamba pochi ya pesa haihami na namba. Toa salio lako kwanza, lipa madeni, tumia pointi zako, kisha ujiandikishe upya kwa pesa za mtandao mpya. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye wateja waliozoea kumlipa kwa namba hiyo, sishauri.

Laini ya pili ni nafuu zaidi. Sokoni nilimkuta mama anayeuza sukuma wiki, simu yake ya mulika mwizi imefungwa mpira mahali pa kifuniko, laini mbili ndani. "Mama, mbona mbili?" "Hii ni ya pesa, mwanangu. Hii nyingine ni ya maneno." Amepatia. Simu ndogo kama hiyo hukaa na chaji kwa siku kadhaa, na akitumiwa pesa kutoka mtandao mwingine zinaingia moja kwa moja, jambo lililowezekana tangu 2018.

Ila usinunue laini ya pili kwa bei peke yake. Mitandao midogo hufifia ukiacha mji au barabara kuu. Azima laini ya jirani, ijaribu nyumbani na kazini, ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Kwa data, bando la siku huwa na bei ndogo kwa kila MB, lakini lisipoisha linapotea. Lisilo na mwisho ni ghali kidogo, na linamfaa anayefungua WhatsApp mara tatu kwa siku. Bando linalokatika usiku wa manane limewapora wengi.

Halafu kuna kredo ya kukopa. Ukiomba 100 unapata 90. Asilimia 10 imekwenda kabla hujapiga. Ukikopa mara nne kwa mwezi, umepoteza shilingi 40. Kumbuka pia kwamba, kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, ushuru wa asilimia 15 na VAT ya asilimia 16 hula karibu shilingi 25 katika kila 100 ya kredo. Kodi hizo huwezi kuzikwepa, lakini mkopo unaweza kuukwepa.

Kama leo una pesa za laini moja tu, baki pale pesa zako zinapoingilia, nunua dakika za mitandao yote, na usiguse kredo ya kukopa. Ukipata ya ziada mwisho wa mwezi, chukua laini ya pili ya maneno, na upige nayo simu angalau mara moja kila mwezi, kwa sababu namba iliyolala muda mrefu hufungwa na kupewa mtu mwingine.