Kifaa cha Chooni Kinachojijaza Chenyewe

Horohoro, katika Wilaya ya Mkinga mkoani Tanga, ni kituo cha mpakani kinachotazamana na Lunga Lunga ya Kenya. Abiria wa mabasi yaendayo Mombasa hushuka hapo ili hati zao za safari zikaguliwe, na wengi hutumia nafasi hiyo kutafuta choo. Choo cha mahali pa namna hii hakitumiwi kidogo kidogo kutwa kama cha nyumbani. Hukaa kitupu, kisha watu thelathini hukijia kwa mkupuo. Hapo ndipo maji hukauka au karatasi humalizika, na anayegundua ni yule aliyekwisha kufunga mlango. Jambo hili si la fedheha tu. Vimelea vya kipindupindu hutoka katika kinyesi na kuingia vinywani kwa maji, chakula na mikono. Na mpakani mikono hiyo hiyo huenda ikashika fedha na hati za nchi mbili.

Pwani, desturi ni maji. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilijengewa birika ndani ya bafu, na samaki wadogo waliwekwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Kuyafanya maji yajijaze si kazi ngumu. Boya huelea juu ya maji. Maji yakipungua, boya hushuka na kuifungua vali. Yakirudi kimo chake, huifunga. Ndugu watatu wa Baghdad waliojulikana kama Banu Musa walieleza vyombo vya namna hii katika karne ya 9, muda mrefu kabla ya choo cha kuvuta kuenea duniani.

Boya, hata hivyo, hutaka bomba. Pasipo bomba, mfano mwema ni chombo cha kunyweshea kuku: mtungi uliojazwa maji na kupinduliwa juu ya sahani. Kanieneo ya hewa huyazuia maji yasimwagike maadamu mdomo wa mtungi umezama. Maji ya sahani yakishuka chini ya mdomo huo, povu la hewa huingia na maji mengine hutoka. Tundu dogo kama la sindano juu ya mtungi huharibu mpango wote.

Karatasi ni kaidi zaidi, kwa kuwa haitiririki. Mwaka 1891 Seth Wheeler wa Albany, Marekani, alipata hataza ya roli ya karatasi yenye vitobo vya kukatia, na umbo hilo limedumu. Mbunifu anayetaka ijijaze hupanga roli, tuseme tano, ndani ya kisanduku kirefu kilichosimama, ili uzito wake uzisukume chini. Fikra ya kwanza huwa ni kutumia wenzo na springi: wenzo uguse roli ya chini, na ikiisha uifungulie ya pili. Fikra hiyo ni nzuri katika karatasi ya kuchorea. Katika upepo wa chumvi wa Tanga, springi ya chuma hupata kutu upesi.

Yafaa kuondoa springi kabisa. Roli yenye kipenyo cha sentimeta 11, iliyozungushwa kwenye kibomba cha sentimeta 4, ikikalia pengo la sentimeta 5, haiwezi kupita. Mtumiaji huvuta karatasi kupitia pengo hilo. Roli ikipungua hadi chini ya sentimeta 5, huanguka yenyewe katika trei, na ya juu yake hushika nafasi. Hesabu ya maeneo ya duara huonyesha kwamba roli iliyoanguka ina karibu asilimia 9 ya karatasi yake, nayo bado hutumika kwa mkono. Uzito wa roli za juu huweza kuibana ya chini hata karatasi ikatike. Kisanduku kikilazwa kidogo, ubavu wake hubeba sehemu ya uzito huo. Aidha, mfuniko ubane vizuri, kwa maana karatasi hunyonya unyevu wa pwani, ikavimba na kukwama.

Hata hivyo, hakuna chombo kinachojijaza kutoka katika utupu. Roli tano zikiisha, zimeisha. Kifaa huongeza muda tu, na muda huo una thamani endapo mhudumu anaweza kuona akiba inavyopungua. Unene wa roli moja hudanganya: unene wa karatasi katika roli iliyotajwa ukipungua nusu, karatasi iliyobaki ni asilimia 38 tu. Kuhesabu roli nzima ni salama zaidi, basi kisanduku kiwe na dirisha refu.

Tuchukue kwamba vyumba ni vitatu, watu kumi kwa kila kimoja, na kila mtu hutumia vipande kumi. Basi moja litamaliza vipande 100 katika kila chumba. Mabasi mawili yakifuatana yatamaliza 200, yaani roli nzima ikiwa ni ya vipande 200. Mstari mwekundu basi uchorwe mahali penye roli moja kamili juu ya ile inayotumika, na dirisha lake lielekee ukumbini anakopita mhudumu, wala si ndani ya chumba cha choo.